UFUNGUO MMOJA WA MILANGO YOTE: Namna ya kuchagua programu ya kuongoza telefone na kompyuta za kompani



Katika ukurasa wa usalama na afya tunasema mara nyingi juu ya kofia ya kazi, viatu, mavumbi na moshi. Leo tunasema juu ya vyombo vingine vilivyoingia kazini pole pole: telefone, tablete na kompyuta, ile ambayo wengi wetu tunaiita ordinatere.

Utauliza: vyombo hivi vina uhusiano gani na usalama? Tazama vizuri. Mkaguzi wa usalama anaandika hatari alizoziona katika tablete. Shefu wa posti anapokea katika telefone habari za mashini iliyoharibika. Katika ofisi ya lopitali, majina ya wagonjwa na dawa zao yako katika kompyuta. Chombo kimoja kikipotea ao kikiharibika, hasara si ya franga peke yake. Habari ya hatari inaweza kuchelewa, na siri ya mgonjwa inaweza kutoka inje.

Sababu hiyo makompani mengi yanatumia programu ya kuongoza vyombo. Kuna nyingi za kununua, na kila muuzaji anasifu ya kwake. Leo tujifunze programu hiyo ni kitu gani, inasaidia nini, inaleta hatari gani, na maswali gani inapashwa kuuliza mbele ya kuichagua. Usiseme: "Hiyo ni kazi ya wakubwa na mafundi." Chombo kiko mkononi mwako, na pengine ni telefone yako mwenyewe.

1. Programu ya kuongoza vyombo ni kitu gani?

Mtu aliyetumika chini ya ardhi anajua nyumba ya taa. Kila taa ina namba. Kila mtu anayeshuka anaacha alama yake, na akipanda anaichukua tena. Mwisho wa posti mlinzi wa taa anatazama ubao wake. Taa moja ikikosa kurudi, anauliza mara moja: iko wapi? Nani aliichukua? Tena anapima kama kila taa ina nguvu ya kutosha, na taa mbovu haiachi ishuke.

Programu ya kuongoza vyombo ni nyumba ya taa ya telefone na kompyuta. Fundi mmoja, akikaa mbele ya kompyuta yake Lubumbashi, anaweza kuona vyombo vyote vya kompani, hata vile vilivyo Likasi ao Kolwezi. Kila chombo kimeandikwa: namba yake, mtu anayekitumia, programu zilizo ndani, na siku ya mwisho kilipoonekana kwenye intaneti.

Lakini programu hii inapita nyumba ya taa kwa jambo moja. Mlinzi wa taa hawezi kuzima taa ya mtu aliye chini. Fundi wa vyombo anaweza kufunga telefone iliyo mbali, na anaweza kufuta yote yaliyo ndani yake. Shika neno hili vizuri, tutalirudilia.

2. Inasaidia nini?

Kazi zake kubwa ni tano.

Ya kwanza ni kuhesabu. Kompani isiyojua ina vyombo vingapi haiwezi kujua kimoja kimepotea.

Ya pili ni kulazimisha kufuli. Programu inadai kila chombo kiwe na neno la siri, na maandiko yaliyo ndani yafungwe kwa siri, hata mwizi akifungua chombo asiweze kusoma kitu.

Ya tatu ni kufunga ao kufuta kutoka mbali. Tuseme mfanyakazi wa posti ya usiku amesahau tablete katika teksi. Akitoa habari mara moja, fundi anatuma amri na tablete inafungwa.

Ya ine ni kuweka programu za kazi na kukataza zile zisizofaa. Tablete ya ukaguzi si ya michezo wala ya filimu.

Ya tano ni kuleta matengenezo mapya. Hii watu wengi wanaidharau, na ndiyo inayookoa zaidi. Siku ya 14 Machi 2017 kompani Microsoft ilitoa dawa ya kuziba tundu moja katika Windows. Mafundi wengi hawakuiweka. Miezi miwili haijatimia, siku ya 12 Mei 2017, programu mbaya iliyoitwa WannaCry ikapita katika tundu lile na kufunga kompyuta katika inchi karibu 150, ikidai feza kusudi izifungue. Katika lopitali nyingi za Uingereza waganga hawakuweza kufungua maandiko ya wagonjwa, na wagonjwa wengine walirudishwa. Dawa ilikuwako, lakini haikufika kwenye kompyuta. Programu nzuri ya kuongoza vyombo inamwonyesha fundi ni kompyuta zipi ambazo hazijapata dawa.

3. Hatari ya ufunguo mmoja

Sasa turudi kwa lile neno. Mtu mwenye ufunguo wa milango yote anaweza kuwasaidia watu wote. Ufunguo huo ukiangukia mkono wa mwizi, anaweza kuwaumiza wote, tena kwa saa moja.

Jambo hilo limekwisha kutokea. Katika inchi ya Singapore, mashule yalitumia programu iliyoitwa Mobile Guardian kwa kuongoza tablete na kompyuta ndogo za wanafunzi. Siku ya 4 Agosti 2024 wavunjaji waliingia katika programu hiyo. Wanafunzi karibu 13,000 wa mashule 26 walikuta vyombo vyao vimefutwa. Wengine walipoteza masomo waliyoandika ndani. Serikali ya kule ikaondoa programu hiyo katika vyombo vyote vya wanafunzi. Angalia: hakuna mwizi aliyegusa tablete hata moja kwa mkono. Alipita katika chombo kilekile kilichonunuliwa kwa kuzilinda.

Mfano wa pili. Siku ya 2 Julai 2021 wavunjaji walipita katika programu ya kuongoza kompyuta ya kompani Kaseya. Maduka ya Coop katika inchi ya Uswidi hayakuinunua programu ile. Aliyeitumia ni mtu aliyewatengenezea mashini za kulipia. Hata hivyo maduka karibu 800 yalifungwa, sababu mashini zilikataa kufanya kazi. Mikate ilikuwa ndani, wanunuzi wako inje.

Basi tusiseme programu hizi ni mbaya. Mashini ya kupandisha watu kutoka chini ya ardhi ina hatari pia, lakini hatupandi kwa ngazi sababu ya woga. Tunachagua kamba nzuri, tunaipima, na hatumpi kila mtu ruhusa ya kuiongoza.

4. Maswali manane mbele ya kuchagua

Kama uko katika kamati ya usalama, ao wewe ni mjumbe wa wafanyakazi, ao una duka ndogo lenye kompyuta tatu, uliza maswali haya.

*Swali la kwanza: Tuna vyombo gani?* Andika kwanza, nunua baadaye. Kama nyingi ni kompyuta za Windows, wengi wanatazama Microsoft Intune. Kama nyingi ni za Apple, kuna Jamf, iliyoanzishwa kwa ajili ya vyombo hivyo. Kwa telefone na tablete ngumu za Android, zile zinazovumilia mavumbi na kuanguka, kuna SOTI ya inchi ya Kanada, na nyingine pia. Programu iliyo bora kwa benki inaweza kukosa kufaa kwa karieri. Katika kuandika utakuta pia vyombo vizee. Microsoft iliacha kuleta matengenezo ya kawaida ya Windows 10 siku ya 14 Oktoba 2025. Programu ya kuongoza haiwezi kukiponya chombo ambacho hata mtengenezaji wake amekiacha.

*Swali la pili: Rezo ikikosa, inakuwa namna gani?* Kwetu swali hili lina uzito kuliko maneno mazuri ya muuzaji. Amri ya kufunga ao kufuta inafika tu wakati chombo kinapopata rezo. Mwizi akitoa kadi ya SIM na kukaa mbali na intaneti, amri inangojea. Ndiyo maana neno la siri na kufuli ya maandiko vinapashwa kuwekwa mbele, siku ya kukabidhi chombo. Uliza pia: matengenezo yanakula mega ngapi? Tunaweza kuyapokea usiku, kwenye intaneti ya ofisi, kusudi tusimalize vifurushi vya wafanyakazi?

*Swali la tatu: Nani anashika ufunguo?* Usikubali mtu mmoja aweze kufuta vyombo mia peke yake kwa neno moja la siri. Programu nzuri inadai alama ya pili mbele ya kuingia, inagawanya ruhusa, na inaandika kila amri: nani aliitoa, siku gani, saa ngapi. Zipo zinazodai mtu wa pili akubali mbele ya jambo kubwa kufanyika. Fundi akiacha kazi, ufunguo wake uondolewe siku ileile.

*Swali la ine: Matengenezo yanaweza kwenda hatua kwa hatua?* Siku ya 19 Julai 2024 kompani ya ulinzi wa kompyuta CrowdStrike ilituma kipande kibovu kwa wanunuzi wake wote kwa mara moja. Kompyuta karibu milioni 8.5 za Windows zilianguka, na katika viwanja vingi vya ndege safari zilisimama. Hakukuwa mwizi, kulikuwa kosa la mtengenezaji. Anza na vyombo kumi, ngojea, kisha mia, kisha vyote.

*Swali la tano: Inaona nini katika telefone ya mfanyakazi?* Swali hili lina sehemu yake hapa chini.

*Swali la sita: Habari zetu zinalindwa wapi, na kwa sheria gani?* Katika inchi yetu, Kode ya Numerike iliyotolewa kwa sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu. Muuzaji aseme wazi habari zinakaa katika inchi gani, nani anaweza kuzisoma, na zinafutwa baada ya muda gani.

*Swali la saba: Bei yote ni ngapi?* Wauzaji wengi wanataja bei ya chombo kimoja kwa mwezi, na inaonekana ndogo. Zidisha kwa vyombo vyote na kwa miezi 12. Ongeza intaneti, mafundisho ya mafundi, na saa za kuweka programu katika kila chombo. Uliza pia bei ya kutoka: siku tukitaka kuacha programu hii, tutaondoka na orodha yetu, ao tutaanza upya? Ndoa ambayo mlango wake wa kutoka haujulikani, usiingie kwa haraka.

*Swali la nane: Tunaweza kuijaribu?* Usinunue kwa kuona picha. Omba mwezi mmoja na vyombo 20, na uvipeleke kwa watu wenye kazi mbalimbali: ofisini, katika atelie, kwenye lori, na chini ya ardhi. Jifanye kama kimoja kimepotea, uhesabu dakika mpaka kifungwe. Futa kimoja, uone kama habari zake zinarudi kutoka akiba. Waulize waliovitumia, hata wasiojua Kifaransa sana, kama waliyaelewa maneno yaliyotokea kwenye kioo.

5. Na telefone yako mwenyewe?

Mara nyingine kompani haikupi telefone. Inakuomba uweke barua za kazi katika telefone uliyonunua kwa mshahara wako. Hapa wafanyakazi wengi wanaogopa: "Watasoma maneno yangu na bibi yangu? Wataona picha za watoto?" Wengine wanakataa, wengine wanakubali bila kuuliza. Njia zote mbili si nzuri.

Ujue hivi. Katika telefone za Android kuna njia ya kugawanya telefone kuwa vyumba viwili: chumba cha kazi na chumba chako. Programu za chumba cha kazi zina alama ndogo ya mkoba. Kompani inaongoza chumba cha kazi. Haioni picha zako, haisomi ujumbe wako, na siku ukiacha kazi inafuta chumba chake tu. Apple pia ina njia ya kuandikisha telefone ya mtu binafsi inayotenga mambo ya kazi na yale ya mwenyewe.

Lakini kama telefone ni yako, na imeandikishwa kama mali kamili ya kompani, mambo yanabadilika. Kompani inaweza kuifuta yote, picha za arusi pamoja na barua za kazi. Kwa hiyo mbele ya kukubali, uliza maneno matatu:

– Telefone yangu inaandikishwa kwa njia ya vyumba viwili, ao kwa njia ya mali ya kompani?
– Mnaweza kufuta nini, na kwa sababu gani?
– Mnaweza kuona mahali nilipo, hata baada ya kazi?

Omba majibu kwa maandiko. Kompani isiyo na neno la kuficha haitakasirika. Tena kuna faida yake: mfanyakazi anayeogopa kupelelezwa hatatoa habari upesi siku telefone inapopotea. Anaficha, na kila saa anayoficha ni saa ya mwizi.

Kwa telefone ya kompani, ufahamu kwamba ni kama lori la kompani. Fundi anaweza kuona programu ulizoweka, na kutafuta mahali ilipo. Usiweke humo siri za nyumba yako.

6. Chini ya ardhi: chombo kisiwe cha pekee

Angalisho! Hakuna programu inayoweza kushika nafasi ya njia za usalama tulizozijua siku zote. Ramani ya kutoka wakati wa moto iwe katika tablete, lakini iwe pia kwenye ukuta. Namba za kuita msaada ziwe katika telefone, lakini ziwe pia kwenye karatasi karibu na simu ya waya. Hesabu ya watu walioshuka isikae katika kompyuta peke yake.

Ndugu zetu wa kompani ya alumini Norsk Hydro, ya inchi ya Norvege, walijifunza hayo. Siku ya 19 Machi 2019 programu mbaya ilifunga kompyuta zao. Kompani ilikuwa na wafanyakazi karibu 35,000 katika inchi 40. Kwenye mlango wa ofisi kubwa ilibandikwa karatasi kuwaambia watu wasiunganishe kompyuta zao. Walikataa kuwalipa wezi. Katika viwanda vingi kazi iliendelea kwa mkono na kwa karatasi, sababu walikuwako watu waliojua kutumika hivyo. Hasara ilikuwa kubwa, lakini kompani haikufa.

Basi katika kila atelie wawepo watu wanaojua kufanya kazi siku kompyuta zimefungwa. Tufanye zoezi la siku hiyo, kama tunavyofanya zoezi la moto.

7. Kwa wale walio nyumbani

Mama, bwana yako akirudi na telefone ya kazi, usiwape watoto waichezee. Mtoto akibahatisha neno la siri mara nyingi, telefone inaweza kujifunga, na programu nyingine zimepangwa kufuta yote.

Vijana, muwe macho sokoni. Kama unauziwa telefone ao kompyuta ya bei rahisi, uiwashe mbele ya kulipa. Ikionyesha kwamba ni ya kompani ao ya shule fulani, iache. Vyombo vingi vya kompani vimeandikishwa kwa mtengenezaji mwenyewe. Hata vikifutwa, vikipata intaneti vinarudi chini ya mwenye navyo. Utapoteza feza yako, na pengine utaitwa mwizi.

Na telefone ya kazi ikipotea, hata saa nane ya usiku, hata kama mwenyewe anaona haya, mtie moyo atoe habari mara moja.

TUKUMBUKE

1. Hesabu vyombo mbele ya kununua programu.
2. Neno la siri na kufuli ya maandiko viwekwe siku ya kwanza, wala si siku ya kupoteza.
3. Ufunguo mkubwa usiwe mkononi mwa mtu mmoja.
4. Matengenezo yaende upesi, lakini hatua kwa hatua.
5. Mfanyakazi ajue kwa maandiko nini kinaonekana katika telefone yake.
6. Chombo kilichopotea kitajwe mara moja.
7. Karatasi, simu ya waya na hesabu ya watu vibaki mahali pake.

Maswali ya kujipima: Katika posti yako kuna vyombo vingapi? Chako kikipotea leo usiku, utamwita nani, kwa namba gani? Namba hiyo umeiandika wapi? Kama iko ndani ya telefone ileile tu, chukua kalamu sasa hivi uiandike kwenye karatasi.